Chavua miteremkoni mwa Kilimanjaro: namna ya kuujua msimu wako na kuuwahi

Anayeishi Kahe na anayeishi Kibosho wanaweza kuwa na mzio wa nyasi zile zile, lakini hawataumwa wiki moja. Kahe ni tambarare, mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kibosho iko mgombani, karibu mara mbili ya kimo hicho. Mvua haziwanyeshei sawa, nyasi hazichanui siku moja, na upepo una zamu zake za kupanda na kushuka mlima. Kalenda ya chavua iliyochapwa Ulaya haimsaidii hata mmoja wao. Kule baridi ndiyo inayofunga na kufungua msimu. Huku ni mvua, nazo ni mbili: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Nyasi huchanua wiki kadhaa baada ya mvua kushika na huendelea kumwaga unga wao ardhi inapoanza kukauka, ndiyo maana wengi hupiga chafya vipindi viwili kwa mwaka: mwisho wa masika kuingia kipupwe, kisha tena vuli inapoishia.

Hayo ni makadirio ya jumla. Tarehe zako utazipata kwa kuangalia na kuhesabu pale unapoishi, na kazi hiyo ina faida ya moja kwa moja: dawa inayofaa zaidi kwa mafua ya chavua huhitaji kuanzwa wiki mbili hivi kabla ya msimu. Huwezi kuuwahi msimu usioujua.

Mmea upi wa kulaumu

Watu hulaumu ua linaloonekana. Mitaa ya Moshi na Arusha ikigeuka zambarau kwa jakaranda, kila chafya huwekwa juu yake, ilhali chavua ya jakaranda ni nzito, inanata, na hubebwa na nyuki, si upepo. Mkahawa ukichanua mweupe shamba zima na kunukia ni vivyo hivyo: harufu inaweza kuchokoza pua iliyokwisha kuvimba, lakini chavua yake si mhusika mkuu. Unga wa njano unaotanda juu ya ndoo za maji karibu na mashamba ya misindano nao huogopesha bure. Punje za msindano ni kubwa, na ni watu wachache sana zinaowaletea mzio.

Wa kuangaliwa ni mimea isiyo na maua ya kupendeza. Kwanza nyasi: ukoka wa pembeni mwa njia, nyasi za malisho, mabingobingo yaliyoachwa yakakomaa. Mahindi nayo ni jamii ya nyasi, ila punje yake ni nzito na huanguka karibu, kwa hiyo humsumbua zaidi anayepalilia ndani ya shamba wakati mbelewele zinamwaga kuliko jirani wa mita mia mbili. Baada ya nyasi kuna misaipresi, ile inayopandwa uzio na watu wakaiita miti ya Krismasi, pamoja na mivinje na mchicha pori. Masale, mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani mwa mashamba, usiyahangaikie.

Gugu karoti linastahili neno lake peke yake. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni meupe madogo kama vichwa vya pini, na kimo chake hupita kiuno. Limeenea Arusha na linafuata barabara na malori. Chavua yake huleta mafua na pumu, na kugusa mmea wenyewe huleta vipele na ngozi kuwa ngumu mikononi, shingoni na kwenye kope. Ling'oe na mzizi wake udongo ukiwa umelowa, kabla halijachanua, ukiwa na glavu, mikono mirefu na barakoa. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo lililokwisha kuchanua liingize kwenye mfuko papo hapo badala ya kuliburuta shambani. Usiwape ng'ombe, maziwa huwa machungu. Mwenye pumu asilishike kabisa, amwachie mwingine.

Kujua kama nyasi fulani inamwaga chavua leo hakuhitaji maabara. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka, kata suke moja polepole na uligonge juu ya kioo cha simu kilichozimwa. Ukiona unga wa njano mwepesi, inamwaga. Suke lenyewe litakuwa na vifuko vidogo vya njano au zambarau vinavyoning'inia kwa nyuzi nyembamba na kucheza ukipuliza. Vifuko vikiwa vimekauka, rangi ya kahawia, na kioo kikabaki kisafi, suke hilo limekwisha kazi.

Upepo una zamu

Mchana jua hupasha mteremko, hewa hupanda mlima. Usiku mteremko hupoa, hewa nzito hushuka. Mtu wa Marangu au Machame anaweza kuangalia kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, asione nyasi hata moja iliyochanua, na bado macho yakawasha kuanzia saa saba mchana. Chavua hiyo imepandishwa kutoka tambarare. Usiku na alfajiri, hewa inayomfikia imetoka msituni na mara nyingi ni safi zaidi. Kwa hiyo wa juu afungue madirisha usiku na asubuhi mapema, ayafunge kuanzia saa nne hadi jua litue. Wa mjini na tambarare hali yake ni tofauti: nyasi ziko mlangoni tangu asubuhi, na jioni hewa ikipoa, chavua iliyokuwa juu hushuka. Kwake saa za nafuu ni alfajiri kabla umande haujakauka, na baada ya mvua ndefu.

Mvua ndefu huosha hewa. Manyunyu ya kwanza yenye ngurumo na upepo mkali ni jambo jingine: punje za nyasi zikilowa hupasuka na kutoa vipande vidogo sana vinavyopita pua na kufika ndani ya mapafu. Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya namna hiyo ilijaza hospitali wagonjwa wa pumu kwa jioni moja, na baadhi yao walikufa. Nyasi zikiwa zimechanua na wingu la radi likija, mwenye mzio wa nyasi aingie ndani na kufunga madirisha kabla ya upepo, asingoje tone la kwanza.

Sharti moja: usifunge nyumba ambayo ndani yake kuna jiko la kuni au mkaa linalowaka. Moshi huo ni mbaya kuliko chavua, na wa mkaa huua. Jiko litoke kwanza.

Kuhesabu mwenyewe

Njia rahisi ni ya vichaka kumi. Chagua mafungu kumi ya nyasi njiani unapopita kila siku, yafunge kitambaa, na mara mbili kwa wiki andika ni mangapi yana vifuko vinavyoning'inia. Yakitoka sifuri yakafika mawili, msimu unabisha hodi. Matano na zaidi, umeingia.

Shule au zahanati yenye darubini inaweza kufanya zaidi: kunasa chavua yenyewe na kuihesabu. Kinachohitajika ni sahani mbili bapa za plastiki za sentimita 20 hadi 25, bolti tatu ndefu, kizibo cha mpira kilichochanwa kushikilia slaidi, slaidi za kioo na Vaseline.

1. Unganisha sahani kwa bolti, moja juu ya nyingine, zikiachana sentimita 8 hivi. Ya juu huzuia mvua, ya chini huzuia chavua inayorushwa na ardhi. Slaidi ikae katikati, sentimita 2 hadi 3 juu ya sahani ya chini.
2. Kifunge juu ya mti wa mita mbili mahali pa wazi, mbali na ukuta, moshi wa jikoni na matawi yanayoning'inia.
3. Paka Vaseline upande mmoja wa slaidi, utando mwembamba kiasi kwamba unaweza kusoma gazeti kupitia kioo. Ukipaka nene, punje huzama na darubini haizipati vizuri.
4. Badilisha slaidi kila siku saa ile ile. Saa mbili asubuhi inafaa kwa kuwa upepo wa kupanda haujaanza. Andika tarehe pembeni kwa kalamu isiyofutika na uihifadhi kwenye kisanduku chenye kifuniko.
5. Kabla ya kuhesabu, dondosha tone la rangi na ufunike kwa kioo chembamba. Rangi hiyo hutengenezwa kwa gliserini mililita 5, spiriti mililita 10, maji yaliyochujwa kwa mvuke mililita 15, na matone mawili ya fuksini (rangi ya maabara) iliyokolea. Baada ya dakika chache chavua huwa ya waridi. Vumbi la udongo na masizi hubaki na rangi zake.

Hesabu eneo lote lililo chini ya kioo cha kufunikia kwa ukuzaji wa mara 100, kisha panda hadi 400 unapotaka kutambua. Kioo cha milimita 22 kwa 22 kina sentimita mraba 4.84, kwa hiyo gawanya jumla kwa 4.84 upate punje kwa kila sentimita mraba. Punje ya nyasi ni duara laini lenye kitundu kimoja chenye ukingo. Ya mahindi inafanana nayo lakini ni kubwa mara mbili au zaidi. Ya msindano ina mifuko miwili ya hewa pembeni kama masikio. Ya mchicha pori imejaa vitundu pande zote. Yenye miiba ni ya jamii ya alizeti, gugu karoti likiwemo. Anayeanza hukosea zaidi kwenye saipresi: ganda lake hupasuka na kuachwa kando, na kilichobaki huonekana kama kiputo.

Kifaa hiki hunasa kinachoanguka, hivyo punje nzito hupata upendeleo. Hesabu zake zinalinganishika na za jana na za wiki iliyopita mahali pale pale, basi. Usizilinganishe na viwango vya nje. Uingereza husema chavua ya nyasi ni nyingi kuanzia punje 50, lakini hizo ni kwa mita ya ujazo ya hewa iliyovutwa na pampu, kipimo kingine kabisa.

Pembeni ya hesabu weka daftari la mwili wako: tarehe, mvua, vichaka vilivyochanua, kisha alama ya 0 hadi 3 kwa pua, kwa macho na kwa kifua, na dawa uliyotumia. Dakika moja kila jioni inatosha. Baada ya misimu miwili au mitatu utaona alama zinapanda lini, na tarehe hiyo kasoro wiki mbili ndiyo siku yako ya kuanza dawa.

Ni chavua, au mafua tu?

Mafua ya virusi huja na homa au maumivu ya mwili, makamasi hugeuka mazito, na ndani ya siku saba hadi kumi yamekwisha. Ya chavua huwasha: pua, macho, kaakaa, wakati mwingine ndani ya masikio. Makamasi ni maji, chafya huja mfululizo, homa hakuna, na hali hukaa wiki kadhaa ikipanda na kushuka kulingana na hewa. Mtoto husugua pua kwenda juu kwa kiganja mpaka mstari mwembamba ukajichora juu ya pua, na chini ya macho huwa na weusi kama hakulala. Ikiwa dalili ni mwaka mzima na huzidi kitandani alfajiri, shuku utitiri wa vumbi la godoro au ukungu wa ukutani kabla ya kushuku nyasi.

Mtoto anayefikicha macho kila siku, macho yakawa mekundu na ya kahawia ukingoni mwa mboni, apelekwe kliniki ya macho. Usimnunulie matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwa ushauri wa jirani. Yanatuliza haraka, na yakitumika bila kuangaliwa yanaweza kuleta presha ya macho na kuharibu uwezo wa kuona moja kwa moja.

Dawa, na makosa yanayozifanya zishindwe

Dawa ya steroidi ya kupulizia puani, kama beklometasoni au flutikasoni, ndiyo nguzo kwa mwenye dalili za kila siku. Haifanyi kazi papo hapo; hupanda nguvu kwa siku kadhaa hadi wiki mbili, na wengi huitupa siku ya tatu wakidhani haifai. Mtu mzima kwa kawaida hupuliza mara mbili kila tundu: flutikasoni mara moja kwa siku, beklometasoni asubuhi na jioni. Fuata karatasi ya dawa yako.

Namna ya kupuliza ndiyo inayoamua. Tikisa chupa; ikiwa mpya, puliza hewani mpaka ukungu mwembamba utoke. Penga kamasi. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma. Shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ikielekea sikio la upande ule ule. Puliza huku ukivuta pumzi kwa upole, kama unayenusa ua. Ukisikia ladha kooni, umevuta kwa nguvu mno na dawa imepita. Ukianza kutoka damu puani, mara nyingi umekuwa ukielekeza ncha kwenye ukuta wa katikati.

Vidonge vya setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, husaidia kuwashwa na chafya lakini si sana kuziba kwa pua. Piriton hufanya kazi, ila inalewesha usingizi, na anayeendesha bodaboda au kushika panga asiitumie mchana. Watoto wapimiwe dozi kwa umri, na mjamzito aulize kwanza. Matone ya kuzibua pua, ya oksimetazolini au ksilometazolini, yasizidi siku tano. Ukizidisha, pua huziba kwa sababu ya matone yenyewe na mtu huyafuata miezi. Na sindano moja ya steroidi ya kukaa msimu mzima, ambayo huombwa sana kwa kuwa ni rahisi, tunashauri uikatae. Steroidi hiyo husambaa mwili wote, na madhara yakianza huwezi kuitoa.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni nafuu na hupunguza haja ya dawa. Chukua maji nusu lita, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na nusu kijiko cha magadi ya kuokea ili isichome. Maji lazima yawe yamechemka. Tambarare na mjini, dakika moja ya kutokota inatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Yapoe hadi vuguvugu, inama juu ya karai kichwa kikilala upande, pumua kwa mdomo, mimina tundu la juu yatokee la chini. Fanya hivi kabla ya dawa ya kupulizia, kamwe si baada.

Nyumbani na zizini

Mlimani ng'ombe hufungwa zizini na majani huletwa, mengi yakitoka tambarare. Mzigo mmoja wa nyasi zilizochanua ukitupwa chini ya dirisha la chumba cha kulala unaifanya kazi yote iliyotajwa hapo juu kuwa bure. Mabingobingo yakatwe kila wiki sita hadi nane, yakiwa karibu mita moja, kabla ya kutoa suke. Ng'ombe hupata chakula bora na pua hupona. Robota la nyasi kavu lililolowa likapata joto ndani huwa na ukungu unaoonekana kama moshi ukilifungua. Hilo lisifunguliwe na mwenye pumu hata kidogo. Yaliyo mazuri yanyunyizie maji kabla ya kuyachambua.

Anayekata majani avae barakoa. Punje za chavua ni kubwa kiasi kwamba hata barakoa ya kawaida ya hospitali huzizuia nyingi, ila ifunike pua. Akirudi, abadilishe nguo nje ya chumba cha kulala na aoshe nywele au kilemba kabla ya kulala. Foronya na mashuka yaanikwe chini ya baraza, upande usiopigwa na upepo wa mchana. Kukung'uta hakutoshi.

Kifua kikibana

Chavua ikileta mluzi kifuani au kikohozi cha usiku, hiyo ni pumu na inahitaji dawa yake ya kuvuta kila siku. Salbutamoli, ile ya kufungua kifua papo hapo, peke yake haitoshi. Mtoto asiyeweza kuvuta kwa mpangilio anasaidiwa na chupa tupu ya maji ya mililita 500: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela (kichupa cha dawa ya kuvuta), ubane kwa gundi usivuje, osha kwa sabuni na uache ikauke bila kufuta. Mtoto aweke mdomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi tano hadi kumi, kisha ndipo ubonyeze tena. Watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya namna hii hufanya kazi kama kifaa cha kuvutia dawa kinachouzwa dukani.

Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo ya bluu, au anayehitaji inhela tena kabla ya muda wa saa nne kupita, apelekwe hospitali mara moja huku akiendelea kuvuta. Kwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na wageni wanaopanda: juu ya mita 3,000 chavua hupungua sana, kwa hiyo mtu anayekosa pumzi hata akiwa amekaa, na kikohozi chake kinazidi usiku, asihesabiwe kuwa na mzio. Hayo yanaweza kuwa maji kwenye mapafu, na tiba ya kwanza ni kumteremsha saa hiyo hiyo.

Ukipangiwa kipimo cha mzio cha ngozi, beba daftari lako. Humwambia daktari ni chavua zipi za kuanza nazo. Acha setirizini, loratadini na Piriton siku saba kabla, la sivyo ngozi haitajibu na utaambiwa huna mzio ulio nao. Dawa ya kupulizia puani haiharibu kipimo, endelea nayo.